Mfinyanzi hulia gaeni: Vyungu vya Kisumu na thamani ya kazi ya mkono

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake yajulikana na kila aliyelelewa pwani. Yule anayewafinyangia wenziwe vyombo vizuri, yeye mwenyewe chakula chake hukila katika kipande cha chungu kilichovunjika. Methali hii twaitumia kwa fundi cherehani mwenye kanzu kuukuu, na kwa seremala ambaye mlango wa nyumba yake hauna bawaba. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuirudishe mahali ilikotoka, yaani kwa mfinyanzi hasa. Na wafinyanzi niliowaendea wako mbali na bahari yetu, huko Kisumu na ukingo wa Ziwa Viktoria.

Ninayo sababu ya kwenda mbali hivyo. Huko Uingereza yuko mwanamke wa Kikenya, Magdalene Odundo, ambaye vyungu vyake vimeuzwa katika minada kwa mamia ya maelfu ya pauni. Katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, nimenunua mtungi kwa pesa ambazo hazinunui kilo mbili za nyama. Bibi Odundo na mama aliyeufinyanga mtungi wangu hawatumii gurudumu la kuzungusha udongo wala kalibu. Wote wawili huuinua udongo kwa mikono yao, huusugua mpaka ukalainika, kisha huutia motoni bila ya kuupaka ile rangi ya kung'aa kama kioo tunayoiona katika sahani za dukani. Udongo ni udongo, na mkono ni mkono. Basi kwa nini kazi ya mmoja iitwe sanaa, na ya mwenziwe iitwe chombo cha maskini?

SOKONI KIBUYE

Kibuye ni soko la wazi lililo kubwa, na siku yake hasa ni Jumapili. Humo utapata mitumba, mbao, samaki wabichi na wakavu, kuku, mahindi, na kelele za kila namna. Wauza vyungu hawapigi kelele. Bidhaa zao zimepangwa chini juu ya nyasi, midomo ikitazama juu, na mwenyewe amekaa nyuma yake akingoja mtu anayejua anachokitafuta.

Waluo hukiita chungu kwa jumla agulu. Lakini kama sisi tunavyotofautisha chungu, mtungi, kikaango na bia ya kufunikia, nao pia kila chombo kina jina lake na kazi yake. Mtungi wa maji huitwa dapi. Tumbo lake ni mviringo, na shingo yake ni nyembamba kuliko ya chungu cha kupikia. Vipo pia vyungu vya kupikia mboga za kienyeji, zile zinazotiwa maziwa na kurudishwa jikoni leo na kesho mpaka uchungu wake ukaisha. Aliyezionja atakwambia kuwa mboga ya sufuriani na mboga ya chunguni hazina undugu, kama vile sisi tusivyokubali kuambiwa kuwa mchuzi wa papa ni mmoja popote upikwapo. Vipo na vyungu vikubwa vya pombe, ambavyo zamani wazee walivizunguka wakanywa kwa mirija mirefu. Hivyo mimi nilivipita.

Nilisimama mbele ya mama mmoja wa makamo, nikamwuliza, "Mama, huu ni wa nini?"

"Huo ni dapi, mwanangu. Ni wa maji peke yake. Ukitia kitu kingine umeuharibu."

Akauinua kwa mkono mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama kengele ndogo. Akauchukua mwingine uliokuwa kando, akaugonga huo nao, ukatoa sauti iliyokufa. "Huu una ufa," alisema. "Macho hayauoni, lakini sikio linausikia. Huu siuuzi." Na kweli ulikuwa umewekwa mbali na ile ya kuuzwa.

Nikautazama ule mzuri. Chini ya shingo ulikuwa na mkanda wa alama ndogo ndogo zilizopigwa kwa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Alama zile hazikulingana zote. Mahali pamoja kamba ilikazwa zaidi, mahali pengine mkono ulipita kwa wepesi. Katika ndoo ya plastiki huwezi kuona alama ya mtu. Hapa niliona mahali mtu alipopumzika na mahali alipoendelea.

UDONGO UWAHI ULI MAJI

Nje kidogo ya mji niliingia katika boma moja ambamo kina mama hufinyanga. Nilikaribishwa kiti chini ya mti, nikakaa nikaangalia kutwa nzima.

Udongo wenyewe huchimbwa kwenye mabonde na kando ya mito, na si kila udongo unafaa. Ulio mnono sana hupasuka ukikauka, na wenye mchanga mwingi haushikamani. Hupepetwa mawe na mizizi, ukalowekwa, ukakandwa kama unga wa mkate mpaka hewa yote ikatoka. Kiputo kimoja kikibaki ndani, moto utakitafuta na chombo kitapasuka.

Mama niliyemtazama aliweka mbele yake kitako cha chungu kilichovunjika, akaanza kujenga chombo kipya juu yake. Nikakumbuka methali yetu. Gae ambalo sisi twalihesabu kuwa alama ya umaskini, kwake ni chombo cha kazi. Ndilo linaloshika kitako cha mtungi mpya usilale upande, na ndilo analolizungusha kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukijenga. Alisokota udongo kama kamba nene, akauzungusha juu ya ukingo, akaubana na kuuvuta kwenda juu, akaongeza mwingine. Ndani alisukuma kwa vidole, nje alikwangua kwa kipande cha kibuyu. Tumbo la mtungi likafura polepole.

Akifika nusu, aliuacha ukae. Ukiwa mbichi mno hauwezi kubeba uzito wa sehemu ya juu, na ukikauka mno haushiki udongo mpya. Sisi twasema udongo uwahi uli maji, na mara nyingi twamsemea mtoto anayetaka kufunzwa adabu. Hapa niliiona methali yenyewe ikifanya kazi, kwani yule mama alikuwa akienda na kurudi, akigusa ukingo kwa ncha ya kidole, akingoja saa yake ifike.

Chombo kikikamilika hupigwa alama, husuguliwa, kisha huachwa kikauke kivulini kwa siku nyingi. Mwisho wa yote ni moto. Hakuna tanuri. Vyungu hupangwa uwanjani, vikazungushiwa kuni, nyasi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ukawashwa moto wa wazi. Upepo ukibadilika ghafula, kazi ya majuma mawili huweza kupasuka mbele ya macho ya mwenyewe. Niliuliza wao hufanya nini ikitokea hivyo. Niliambiwa kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba magae huokotwa, yakapondwa, yakachanganywa na udongo wa safari ijayo ili uwe mgumu zaidi.

Kuna neno moja la Kiluo ambalo nilirudi nalo pwani. Kufinyanga ni chweyo. Na chweyo hiyo hiyo ndiyo kuumba, hata Mwenyezi Mungu katika lugha yao huitwa Jachwech, yaani Muumba. Sisi tunaosoma katika majina matukufu kwamba Yeye ni Al-Khaliq na Al-Musawwir, Mwenye kuumba na Mwenye kutia sura, na tunaojua kwamba asili ya baba yetu Adamu ni udongo, neno hilo halitupiti hivi hivi. Watu wa ziwa na watu wa bahari, kila mmoja kwa njia yake, wameuona mkono katika udongo wakakumbuka kuumbwa kwao.

MAVYAA NA MKAZA MWANA

Mtu angedhani kwamba ufundi huu mama humrithisha binti yake. Katika Uluo mara nyingi sivyo. Mtaalamu Ingrid Herbich, aliyefanya uchunguzi pamoja na Michael Dietler miongoni mwa wafinyanzi wa Kiluo mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliandika kwamba wengi wa wanawake hao hawakujifunza kufinyanga kwa mama zao. Walijifunza baada ya kuolewa, kwa mavyaa zao na kwa wake wenza.

Sababu ni desturi ya ndoa. Msichana akiolewa huhamia kwa mumewe, na si kila mji una udongo mzuri wala si kila mji una wafinyanzi. Akiolewa mahali pa wafinyanzi, huketi kando ya mavyaa, akatumwa maji, akakanda udongo, akapewa vyungu vidogo vya kujaribia, na baada ya muda akawa mfinyanzi. Akiolewa mahali pasipo na kazi hiyo, hata kama mama yake alikuwa hodari, mara nyingi ufundi ule hakuondoka nao. Ndiyo maana kila jumuiya ya wafinyanzi huwa na mtindo wake wa shingo, wa tumbo na wa alama. Mtindo huo ni wa mahali, na mwari anayekuja huukuta na kuuingia, kama anavyoingia katika jina la ukoo mpya.

Hebu fikiria jambo hili, msomaji. Mavyaa na mkaza mwana, watu wawili ambao katika hadithi zetu hawapatani, hapa wamefungwa pamoja na donge la udongo. Yule mzee anahitaji mikono ya kijana, na kijana anahitaji elimu ya mzee. Katika boma nililokaa niliwaona wote wawili. Mkaza mwana alipokosea ukingo, mavyaa hakusema neno. Aliunyosha mkono wake, akaushika mkono wa mwenziwe, akaupitisha mahali palipotakiwa.

Lakini mnyororo wa namna hii hukatika upesi. Siku hizi kijana wa Kisumu akioa, huenda akapanga chumba Nairobi au Mombasa, na mkewe haketi tena kando ya mavyaa isipokuwa wakati wa sikukuu na wa matanga. Hakuna aliyekusudia kuua ufundi. Umekosa tu ile baraza ambayo ulikuwa ukifundishwa. Niliuliza bomani kama binti za mle ndani wanafinyanga. Yule mama mzee alicheka kidogo. "Wao wako shule, na ni vizuri. Lakini nani ataoa mtu aje akae hapa na mimi?"

MAGAE YA UREWE NA YA UFUKO

Asije mtu akadhani kwamba hii ni kazi ya juzi. Huko Siaya, mahali paitwapo Urewe, yalipatikana magae ya vyungu vya kale vyenye kibonyeo cha kidole katikati ya kitako. Mwaka 1948 Mary Leakey na wenziwe walichapisha habari zake, pamoja na jina la Archdeacon Owen wa Kavirondo ambaye alikuwa ameshafariki. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo vimeonekana pande nyingi za maziwa makuu, hadi Rwanda na Buhaya, navyo huhesabiwa miongoni mwa alama za wakulima na wafua chuma wa mwanzo wa nchi hizi. Vya Urewe vina umri wa zaidi ya miaka 1,500. Kabla yao wavuvi wa ziwani walikuwa na vyungu vyao, ambavyo wataalamu huviita vya Kansyore kwa jina la kisiwa kilicho katika mto Kagera.

Mwaka huo huo wa 1948, huku kwetu, James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gedi. Alichotoa humo twakijua, kwani tumeonyeshwa tangu utotoni: bakuli za kijani na za buluu kutoka China, vyombo vya Uajemi, shanga. Vyombo hivyo wazee wetu walivithamini mno. Walivijengea zidaka katika kuta za nyumba, wakavipachika katika misikiti na katika makaburi yenye minara, kama ile nguzo ya Mambrui.

Na ilikuwa haki yao kuvithamini. Lakini sehemu kubwa ya magae yanayotoka katika miji yetu ya kale si ya China wala ya Uajemi. Ni ya vyungu vyeusi na vyekundu vya hapa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono na, kwa kadiri desturi ya pwani inavyotuonyesha, na wanawake. Katika hivyo ndimo wali ulimopikwa, na samaki, na maji ya kunywa yakakaa. Bakuli la China lilitazamwa, na chungu cha nyumbani kikalisha mji. Kimoja kiliwekwa kidakani, kingine kikavunjika jikoni bila ya mtu kuuliza jina la aliyekifinyanga. Ukiutafuta mwanzo wa kumtupa mfinyanzi wetu, usiutafute katika plastiki peke yake. Ni wa zamani kuliko plastiki.

MKENYA WA NG'AMBO

Sasa turudi kwa Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea michoro ya matangazo ya biashara. Huko ndiko alikokutana na udongo. Lakini tazama alikokwenda kuusomea. Katikati ya miaka ya 1970 alisafiri hadi Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ule wa zamani ambao siku hizi huitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na miongoni mwa waliokuwa wakifanya kazi humo ni wanawake wa Kigwari, ambao hodari wao aliyejulikana kuliko wote alikuwa Ladi Kwali. Wanawake hao walifinyanga kwa mkono kama wafinyangavyo wa Kisumu, ila kwao chombo kilikaa na mtu akakizunguka. Bibi Odundo alikaa nao akajifunza. Baadaye alihitimu katika Royal College of Art mjini London mwaka 1982.

Vyombo vyake vina tumbo la mviringo na shingo ndefu, vingine vimeinama kama mwanamke anayesikiliza. Huvisugua mpaka vikang'aa. Akivichoma katika moto wenye hewa, hutoka vyekundu kama machungwa. Akivirudisha katika moto uliobanwa hewa, hutoka vyeusi. Moshi ule ule ambao mama wa Kisumu huuachia upepo, yeye huufungia ndani na kuuamrisha. Kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya Uingereza na Marekani, na mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha Dame. Naye Ladi Kwali, aliyefariki mwaka 1984, picha yake imewekwa nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria.

Wako watakaosema kwamba bei ya Bibi Odundo ni wazimu wa matajiri wa Ulaya. Huenda minada ina wazimu wake. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wanunuzi hao wamelifanya na sisi hatulifanyi: wameuliza ni nani aliyefinyanga. Wanalijua jina lake, wanajua alizaliwa wapi na alijifunza kwa nani, na wanaweza kuitambua kazi yake bila ya kuambiwa. Mtungi wangu wa Kibuye umepita mikono miwili mitatu kabla ya kunifikia, na yule aliyeniuzia hakuwa ndiye aliyeufinyanga. Nilipouliza jina la mfinyanzi nilitajiwa mahali tu.

MAJI NA MOTO

Najua yapo maneno ya kweli upande wa pili. Mtungi ni mzito, na mtoto wa kike aliyeubeba kichwani kutoka ziwani hana haja ya kuimbiwa sifa zake. Dumu la plastiki ni jepesi, likianguka halivunjiki, na kisha ni rahisi. Sufuria hupata moto upesi. Kina mama walioviacha vyungu hawakufanya ujinga.

Lakini chungu kina hoja yake, tena ya kisayansi. Udongo uliochomwa bila ya kupakwa una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya polepole hadi nje, yakakauka kwa hewa, na yanapokauka huchukua joto la yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi katika jua la Kisumu bila ya senti moja ya umeme. Sisi wa pwani twalijua hilo, na juu yake wazee wetu waliufukiza mtungi kwa ubani ili maji yawe na harufu nzuri.

Hoja hiyo ilipata ushahidi huko huko Nyanza. Miaka ya mwisho ya karne iliyopita, watu wa afya walikuwa wakihimiza maji ya kunywa yatiwe dawa ya klorini, yakahifadhiwa katika vyombo vya plastiki vyenye mdomo mwembamba ili mikono na vikombe visichovywe ndani. Wenyeji wa upande wa Homa Bay walipenda mitungi yao. Basi badala ya kuwalaumu, kundi la kina mama wafinyanzi liliombwa lifinyange mtungi mpya wenye mdomo mwembamba, kifuniko, na bomba dogo upande wa chini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la afya ya umma la American Journal of Public Health ulilinganisha mitungi hiyo na vyombo vya plastiki, ukaonyesha kwamba maji yaliyotiwa dawa yalipata nafuu katika vyombo vyote viwili. Mfinyanzi alikuwa na la kuchangia katika kuzuia ugonjwa wa kuhara, ila alihitaji mtu wa kwenda kumwuliza.

Hata moto pia. Katika miaka ya 1980 yalienea Kenya majiko ya makaa yenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, ambayo wazo lake lilitokana na majiko ya Thailand. Sehemu za magharibi ya Kenya vikundi vya kina mama vikafunzwa kufinyanga mitungi ya majiko ya kuni. Leo jiko la namna hiyo limo katika nyumba nyingi, nyingine za watu wanaosema kwamba ufinyanzi ni kazi ya zamani iliyokwisha.

GAE NI LA NANI?

Basi thamani ya chombo cha mkono iko wapi? Kwa niliyoyaona Kisumu, haiko katika mnada wa London peke yake, wala haiko katika kabati la makumbusho, ingawa Makumbusho ya Kisumu yaliyofunguliwa mwaka 1980 yamefanya vyema kujenga boma zima la Kiluo ili wageni waone vyombo mahali pake. Thamani hiyo iko mahali ambapo mtu anakitumia chombo na anamjua aliyekifanya. Vikikosekana vyote viwili, ndipo mfinyanzi hulia gaeni.

Yako mambo mepesi yanayoweza kufanywa. Mfinyanzi na aweke alama yake kwenye kitako kabla ya kuchoma, kama mfua fedha wa Lamu anavyoweza kutambulikana kwa kazi yake. Mahoteli ya Kisumu yanayowasifia wageni mboga na samaki wa ziwani, na yawape wageni hao maji kutoka katika dapi, tena yaseme limetoka boma gani. Shule nazo zimwite mama mfinyanzi siku moja kwa muhula, alipwe kama anavyolipwa fundi yeyote. Kama mkaza mwana haji tena kuketi kando ya mavyaa, basi mavyaa na apewe wanafunzi wengine, si lazima wawe wa nyumbani kwake. Herbich ametufunza kwamba ufundi huu haujawahi kuwa wa damu. Ulikuwa wa kuketi pamoja. Hilo ni jambo la kutia moyo, kwa kuwa damu haitafutwi, lakini mahali pa kuketi panaweza kutafutwa.

Nasi wa pwani tusijione watazamaji. Ndugu zetu wako kule, Kisumu mjini na Kendu Bay, ambako adhana inasikika kando ya ziwa tangu enzi za babu zao. Ukiwatembelea, nenda Kibuye siku ya Jumapili asubuhi. Chagua mtungi uliosimama sawa, uugonge kwa kifundo cha kidole, usikilize. Ukilia kama kengele, uulize bei, na usipunguze kama unavyopunguza mtumba, kwani yule aliyeufinyanga amekwisha kupunguziwa na upepo na moto. Kisha uliza jina la aliyeufinyanga. Wakikuambia hawalijui, uliza tena kwa mwuzaji wa pili.

Ukifika nyumbani, ujaze maji na uyaache usiku mmoja, uyamwage, ujaze tena. Uweke kivulini penye upepo, ufukize ubani ukipenda. Mgeni wako atakaposifu baridi ya maji, utakuwa na jina la kumtajia.